Mafiga ya Mama Donatus

Asubuhi moja ya mwaka 1953, Klara alitoka nje na sufuria ya uji akakuta jivu tupu. Mafiga yote matatu yalikuwa yameondoka. Aliweka sufuria chini, akakaza kanga yake, akaingia ndani kumwambia baba yake.

"Mama yako katoka tena?" Thobias aliuliza huku akifunga viatu.

"Katoka, baba. Leo hakuna uji."

"Basi kuna msiba. Pita dukani kwa Rajabali kwanza, atakuwa ameshapima sukari."

Philomena, ambaye kambi nzima ya Lugembe ilimwita Mama Donatus kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuja huku upande wa Geita kutoka Shinyanga, akimfuata mumewe aliyeajiriwa useremala mgodini. Kambini alikuta wanaume wa Songea, Ujiji, Tarime na hata Nyasa, na wengi wao walipokufa hawakuwa na ndugu wa kuwalilia. Mchimbaji wa kwanza kufa tangu afike alizikwa asubuhi, na mchana wenzake wote walikuwa wamerudi kazini. Siku hiyo Philomena alipakia mafiga ya jikoni kwake kwenye toroli ya mumewe, akayapanga nje ya bweni la marehemu, akapika. Alisema kwamba kwao Usukumani mtu aliyepikiwa matanga kwenye mafiga ya nyumba fulani ni mtu wa nyumba hiyo. Wazee wa Kisukuma waliokuwepo hawakuikumbuka mila hiyo, lakini walikula.

Tangu hapo hakuna aliyekufa Lugembe bila nyumba. Jioni, familia iliposali rozari, Philomena aliwataja marehemu wake wote kama kaka zake, na Donatus na Klara wakakua na wajomba wengi kuliko mtoto yeyote wa misheni. Rozari ya nyumba ile ilikuwa ndefu hata watoto wakasinzia kwa zamu. Padre alipomuuliza kwa nini anawataja na Waislamu, alijibu, "Baba, wageni wao walikuwa na njaa ileile."

Homa ilipomchukua, mafiga yalikaa kimya kwa majuma machache, kisha yakaanza kwenda yenyewe. Yalitembea polepole katikati ya barabara kama akina mama wanene watokao kanisani, lile dogo likibaki nyuma. Kuku waliyapisha. Yakifika penye msiba yalijipanga na kusubiri kuni. Kwa Waislamu yalikaa nje ya uzio mpaka dua iishe. Hayakuwahi kukosea nyumba, wala hayakuwahi kwenda kwa mgonjwa.

"Shikamoo, mzee," Klara alisema dukani.

"Marahaba, binti. Mama kapita." Rajabali alimsukumia sukari na unga juu ya meza. "Ila leo hakukata kona ya mabwenini. Kanyoosha mgodini."

"Mgodini? Huko kuna nyumba ya nani?"

"Mimi muuza sukari, mwanangu. Mfuate."

Klara aliyakuta mafiga mbele ya shimo la pili. Mlango wa shimo ulikuwa umezibwa kwa mbao mpya. Thobias ndiye aliyezipigilia Jumamosi. Aliambiwa kwamba ndani kuna hewa mbaya. Alipofika na kuyaona mafiga ya mkewe mahali pale, alivua kofia, akakaa juu ya jiwe.

Aliyefuata kufika alikuwa Bhoke. Mumewe, Nyamhanga, hakurudi kutoka zamu ya Ijumaa, na kampuni ilimwambia kwamba ametoroka. Mke wa mtoro hana chumba kambini, na mtoro hasomewi misa ya wafu. Bhoke aliyatazama mafiga, akainama, akawasha moto yeye mwenyewe. Wanawake wengine walileta maji na sufuria.

Moshi ulimleta Ignas, nyapara wa zamu.

"Mama zangu, hapa si mahali pa kupikia."

"Yaambie mafiga," Bhoke alisema.

Ignas aliyageukia. Philomena ndiye aliyemfundisha katekisimu. "Shikamoo, Mama Donatus," alisema kwa uangalifu, kisha akamrudia Bhoke. "Kampuni inasema mumeo katorokea kwao Tarime."

"Bila koti lake?"

"Koti gani?"

"Alilolinunua kwa Rajabali mwezi jana. Mvua ikinyesha analivua asije akalilowesha. Sawa, mimi angeniacha. Koti je?"

Wanawake waliangua kicheko. Bhoke naye alicheka, mpaka kicheko kikageuka kuwa kilio, wakamshika.

Thobias aliinuka. "Ignas, nataka kung'oa mbao zangu. Nimtoe mtu tumzike."

Ignas alikwenda kumuuliza meneja, akarudi na jibu. Shimo la pili halikuwa na dhahabu tena. Kulifukua kungesimamisha kazi. Atakayegusa mbao atafukuzwa, na mlango utazibwa kwa saruji.

Basi Thobias alichonga msalaba wenye jina la Nyamhanga akaupigilia juu ya mbao. Meneja aliuacha kwa kuwa haukuzuia njia. Padre alipokuja aliyatazama mafiga, hakudai shahidi mwingine, akavaa stola nyeusi na kusoma misa. Watu wengi walihudhuria. Rajabali aliongeza mchele.

Bhoke aliponyang'anywa chumba, Klara alikwenda na toroli kumhamisha.

"Mumeo sasa ni mjomba wangu," alimwambia. "Kwa hiyo wewe ni mke wa mjomba. Unakaa kwetu."

"Klara, wewe umenizidi mwaka mzima."

"Ndiyo hivyo tena."

"Haya, niamkie basi."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sukuma toroli."

Walicheka njia nzima, koti likiwa juu ya mizigo.

Safari hii mafiga hayakurudi nyumbani. Klara alitafuta mengine, na yale ya mama yakabaki mbele ya shimo, yakingoja maziko. Wanawake walizoea kupika uji pale alfajiri, wachimbaji walipojipanga kuitwa majina. Kwa kanuni ya kampuni, jina la mtoro liliendelea kuitwa mpaka mkataba wake uishe.

"Nyamhanga!" Ignas aliita kila asubuhi.

"Marehemu!" wanawake waliitikia kwa pamoja, Bhoke akiwa mbele, na baada ya siku chache wachimbaji nao waliitikia, kwa sauti iliyosikika mpaka nyumbani kwa meneja.

Ignas alivua kofia. Alipewa kikombe cha uji, akapiga ishara ya msalaba, akamwombea Nyamhanga pumziko la milele, akanywa mpaka mwisho, akashukuru. Kisha akachukua kalamu na kuandika: mtoro.