Ugali, Rangi na Ng'ombe wa Milembe

Mngurumo ulisikika kwanza, mwembamba, ukizunguka usawa wa taa katika chumba cha Gilbert mjini Bariadi. Milembe, mama yake mdogo aliyefika asubuhi hiyo kutoka Migato, aliinua uso akatafuta. Hakuona kitu.

"Mwangaluka, mayu," Gilbert alimwamkia mama yake huyo kwa Kisukuma. "Inama kidogo. Hiyo nimeipaka jana, sasa imekauka."

Milembe aliinama, upepo ukampita juu ya kilemba, akaketi.

Gilbert alichonga vindege vya kivita vya mbao, na hakuna aliyemzidi kwa kuvipaka mabaka; alisema hivyo mwenyewe. Alianza na rangi nyepesi ya majani makavu. Kisha alisokota ugali uliolala ukawa kamba, akazibandika kwa kupindapinda juu ya mabawa na mgongo. Baka halikuruhusiwa kuishia pale bawa linapoungana na mwili, maana hapo jicho hulitambua bawa. Katikati ya kamba alidonoadonoa kijani kwa kipande cha godoro. Alipobandua ugali, kingo zilibaki laini kama za kivuli cha wingu. Tumbo alilipaka buluu ya anga. Rangi ikikauka, kindege kilitoweka na kuanza kuruka. Wateja walichagua kwa kusikiliza.

"Droni imewaona ng'ombe wangu tena," alisema Milembe. "Walikuwa shambani kwetu, wanakula mabua ya mahindi. Askari wa hifadhi wamekuja, wameswaga nusu. Eti ni porini. Tangu lini nilipozalia watoto pakaitwa porini?"

"Na jiwe la mpaka?"

"Wamelihamisha. Liko nyuma ya choo changu."

Gilbert alipiga meza kwa ngumi. Mngurumo ulikatika, ukaendelea.

"Nipakie waliobaki," alisema Milembe.

"Mayu, ng'ombe hana bawa."

"Ana mgongo. Au ulikuwa unajisifu tu?"

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Huko Migato ulipikwa ugali wa masufuria, ukalazwa, ukasokotwa. Ng'ombe walisimama kimya, isipokuwa dume mmoja aliyekula kamba za mwenzake. Rangi ilipokauka, zizi lilionekana tupu. Kwa mazoea, Gilbert alikuwa amepaka na matumbo buluu, hivyo hata viwele vilitoweka. Ndama walinyonya kwa kunusa, naye Milembe alikamua kwa kupapasa, huku akimtukana.

Droni ilikuja, ikazunguka, ikaenda zake.

Wiki iliyofuata ofisa wa hifadhi aliitisha mkutano kando ya kisima cha kunyweshea, akabandika picha ubaoni.

"Kwa mujibu wa picha, kijiji hiki hakina mifugo," alisema. "Kwa hiyo malisho hayahitajiki, wala kisima hiki. Mpaka utasogezwa."

Nyuma yake ng'ombe alilia. Mwingine alimlamba shingo. Ofisa alijifuta kwa leso, akafunua ukurasa.

"Mkubwa, huwasikii?" aliuliza Milembe.

"Nawasikia, mama. Lakini picha hazina sauti."

"Nusu ya kundi langu mliichukua mwezi uliopita! Hao mliwaona?"

"Hao walionekana," alisema ofisa, akaaga.

Jioni hiyo jiwe lilivushwa ng'ambo ya kisima na waya ukavutwa. Ng'ombe walikuja kunywa kama kawaida. Hawakuonekana, ila waya ulibonyea pale walipougemea kwa vifua, na ukabaki umebonyea.

Gilbert aliutazama waya ule.

"Walipoonekana, wameibiwa. Walipofichwa, wameibiwa," alisema kwa sauti, wote waliokuwa kisimani wasikie. "Mayu, nakuahidi. Kesho naosha mabaka yote na kuwapaka nyekundu, pembe mpaka kwato. Tutawaswaga mchana kweupe hadi mlangoni pa ofisi yao, mimi mbele. Hatutoki pale mpaka warudishe kisima."

"Na matumbo?" aliuliza Milembe.

"Na matumbo, mayu. Nakuapia, na matumbo."