Stering Ni Yule Mama

Ukumbi wa Gibson uko nyuma ya soko la Voi. Kuta zake ni za mabati, mbele kuna viti vya plastiki, nyuma kuna mabenchi aliyoyanunua kutoka kwa kanisa fulani lilipohamia jengo jipya. Hapo ndipo mimi, Mwelu, hutafsiri sinema. Filamu inasema kwa lugha yake, nami nashika maiki na kuisema kwa Kiswahili papo hapo. Naigiza sauti, nawapa wahusika majina ya huku kwetu, na panapopwaya natia chumvi. Watu huniita DJ. Mimi najiita mfasiri, na sioni haya.

Siku za wiki natafsiri zile za risasi, kwa sababu ndizo Gibson anazotaka. Lakini nyumbani huwa nachimbua zile ambazo hakuna anayezitaja, za nchi ambazo hata mimi huzitafuta kwenye ramani, zilizoigizwa na watu wasio na jina. Nilimsumbua Gibson mpaka akachoka.

"Haya, dada Mwelu," akasema. "Jumapili alasiri ni ya mpira. Nakupa moja tu. Watu wakianza kutoka, naweka mpira, na usiniambie tena habari ya hizo sinema zako za kulala."

"Na wasipotoka?"

"Jumapili zote zako. Lakini watatoka."

Filamu niliyoichagua ilihusu kijana anayeendesha lori la maji katika nchi kame ya milima. Anavipelekea maji vijiji ambavyo tajiri mwenye visima anataka vihame. Mama yake hukaa kando yake garini, haongei sana. Kijana nikamwita Mbuvi, mama akawa Mama Mbuvi, tajiri akawa Bosi.

Kabla ya filamu yoyote ukumbi huuliza swali moja, na DJ hana budi kulijibu. Siku hiyo aliyeuliza ni Derrick, mwendesha boda ambaye kiti chake cha mbele hakikaliwi na mtu mwingine.

"DJ! Stering nani?"

Gibson, kando ya projekta, akaninong'oneza niseme ni kijana. Stering, kwetu, ndiye mhusika mkuu, mwenye filamu. Anaweza kupigwa, kutupwa mtoni, kuchomewa nyumba, lakini hafi. Hiyo kila mtu anaijua. Na Mbuvi wa filamu hii anapigwa risasi katikati, na anakufa kweli.

"Stering ni yule mama," nikasema kwenye maiki.

Ukumbi ukaangua kicheko. "DJ leo amepigwa na jua!" "Mama na kitambaa chake kichwani, apigane na nani?" Hawakuniamini. Wakajichagulia Mbuvi.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Lori lilipotokea kwenye vumbi mtu alipiga kelele, "Hilo linaenda Ndara!" kana kwamba ni lori la maji la huku kwetu, na Wambua, dereva wa trela aliyepumzika Voi akielekea Mombasa, akasifu jinsi Mbuvi anavyokata kona. Kisha risasi ya mtu wa Bosi ikalia. Mbuvi akaanguka kando ya gurudumu.

Hakuna aliyeshtuka.

"Ya bega hiyo," Derrick akasema, akitafuna njugu. "Ataamka."

Wakamfunika shuka. "Anawazuga tu." Wakamzika, udongo ukamwagwa, na bado kuna mtu nyuma aliyesema, "Amewekewa mrija wa kupumulia."

"Amekufa," nikasema. "Niliwaambia stering ni nani."

Hapo ndipo zilipolipuka kelele. Derrick akasimama. "Sinema gani hii stering anakufa? Gibson, weka mpira!" Mabenchi ya nyuma yakasimama naye, watu wakaanza kusukumana kuelekea mlangoni. Gibson akachukua rimoti.

Ningeweza kuwadanganya. Ningesema aliyezikwa ni pacha wake, na ukumbi mzima ungekaa chini. Wapo maDJ wanaofanya hivyo kila siku. Lakini sikuileta filamu ile Voi ili niizike mimi mwenyewe. Nikaweka maiki juu ya spika, nikanyamaza. DJ akinyamaza, watu hugeuka kutazama kumetokea nini.

Kwenye skrini, Mama Mbuvi alikuwa amepanda upande wa dereva. Hajawahi kushika usukani maishani mwake. Akawasha, gia zikasaga, lori likaruka, likazima. Akawasha tena. Likazima.

"Klachi," Wambua akasema kwa sauti ya chini.

Likazima.

"Klachi, mama! Kanyaga mpaka chini!"

"Na usiachilie haraka!" Huyo alikuwa Derrick, mguu mmoja tayari nje. "Polepole, mama yangu! Kama unamlaza mtoto!"

Lori likasogea. Yakapigwa makofi ambayo hata goli halipigiwi. Derrick akarudi akakuta kiti chake kimekaliwa, akachuchumaa sakafuni bila ugomvi. Gibson akashusha rimoti.

Nilichukua tena maiki mama alipofika kijiji cha mwisho. Watu wamepanga foleni na mitungi, na katika foleni yumo yule mtu wa Bosi aliyemuua mwanawe, midomo imepasuka kwa kiu. Mama akamtazama kwa muda mrefu. "Leta mtungi wako," nikasema kwa sauti yake. Akamjazia. Filamu ikaishia hapo.

"Aaah! Angemgonga na lori!" Derrick akaruka.

"Kaa chini, wewe," akasema Tryphena, anayeuza mboga sokoni. "Yule mtu atayabeba yale maji tumboni mpaka afe."

"Maji hukojolewa, shangazi!"

Wakacheka, wakabishana, wakatoka nje wakibishana, na pale juani ubishi ukazidi kuwaka. Gibson akaweka mpira. Akasubiri. Wambua peke yake ndiye aliyerudi, akachukua kofia yake aliyoisahau, akawafuata wenzake.

Gibson akaja nilipokuwa nakunja waya.

"Unayo nyingine?"

"Ninazo. Kuna moja ya mwanamke anayefuga nyuki kwenye kisiwa chenye baridi."

"Ina bunduki?"

"Haina."

"Sasa ina nini, Mwelu?"

"Nyuki."

Akashusha pumzi ndefu, akatazama viti vitupu, kisha mlango ambako Derrick alikuwa bado anapiga kelele.

"Jumapili, basi," akasema. "Lakini stering asife mapema."