Kumzika Mama kwa Gitaa

Mutai hajawahi kupanda farasi. Mumbi, mkewe, angeapa hivyo mbele ya hakimu yeyote. Hata punda wa kubeba maji kule kwao Bomet, Mutai alikuwa akimwogopa. Lakini sikiliza sasa hizo nyimbo zake za country, muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani: farasi, whisky, farasi tena. Whisky yenyewe hainywi, ana vidonda vya tumbo. Mchana anaendesha forklift ya kuinulia mizigo kwenye ghala moja Landover, Marekani, jioni anavaa kofia pana na buti za kisigino, anajiita mtunzi. Mtunzi wa nini, jamani? Miaka yote hiyo ya kukuna gitaa, wimbo wake uliofika mbali zaidi ulipigwa kwenye harusi ya Wakenya, na watu walipousikia wakainuka kwenda kupakua chakula.

Hayo Mumbi alikuwa ameyazoea. Mume akiwa na kichaa chake kidogo, unafunga mlango na kuendelea na maisha. Kilichomkwama kooni ni cha mwaka juzi, baba mkwe wake alipofariki. Nauli ilikuwepo, ruhusa ya kazi ilikuwepo. Lakini Mutai alikuwa na shoo Oxon Hill, basi hakwenda kumzika babake. Alituma wimbo kwa WhatsApp, ati upigwe kaburini. Ukapigwa, kwa spika ya kanisa iliyokuwa ikikoroma, na mama yake amesimama peke yake mbele ya jeneza. Mshenzi. Mumbi alimwita hivyo siku ile na hajawahi kuliombea msamaha neno hilo.

Sasa mama huyo, Tapkigen, alikuwa amekuja kuwatembelea. Na wiki hiyo hiyo Mutai akaangukiwa na bahati. Mzungu mmoja wa Nashville, mji wa muziki wa country, kazi yake kuwatafutia waimbaji wakubwa nyimbo, alikuwa amesikia wimbo wake mtandaoni, na Jumamosi mchana angekuja kumsikiliza kwenye mkahawa fulani Lanham. Wimbo wenyewe ni wa mama aliyekufa, kaburi lake liko mlimani, na mwanawe analia juu yake. Mutai alikuwa ameshamwambia mzungu kwamba ni kisa cha kweli.

"Mumbi, nakuomba," alinong'ona walipofika kwenye maegesho. "Mzungu akiuliza, sema Mama ni jirani yetu kutoka nyumbani."

"Jirani?"

"Ni leo tu. Hawa watu wanataka kisa cha kweli. Nikikosa hii, basi, nimekwisha."

"Mwambie Mama mwenyewe, kwa mdomo wako."

Na akamwambia, haki ya Mungu! Alimwambia kwa Kikalenjin, huku akimwekea sawa kitambaa chake cha kichwani, mwana mwema kabisa. Mama aliitazama ile kofia, akazitazama buti, kisha akaingia ndani.

Mutai akaimba. Sauti anayo, tusimnyime, na hilo ndilo lililozidi kumuudhi Mumbi. Alipofika kwenye ubeti wa kaburi machozi yakamtoka, machozi ya kweli kabisa, na mama yake ameketi pale pale mbele yake na kikombe cha chai. Mama hajui Kiingereza. Wengine walipopiga makofi, naye akapiga. Mumbi alitamani ardhi immeze.

Mzungu akaja mezani akipangusa macho. Alipoambiwa na Mutai kuwa yule mama mzee ni jirani kutoka nyumbani, akamuuliza kama alimfahamu marehemu. Mumbi akatafsiri kwa Kiswahili, kila neno likimchoma ulimi.

Mama akaweka kikombe chini. "Mwambie nilikuwa kwenye hayo mazishi," alisema. "Mwambie mwana hakuja. Alituma wimbo."

Mumbi akayasema kwa Kiingereza yote, hakupunguza hata neno moja. Kisha akamtazama mumewe. Sema sasa, alimwomba moyoni. Sema huyu ndiye mama yangu, na mimi nitakusamehe yote, hata hiyo kofia. Mutai akafungua mdomo.

Mzungu akapiga meza. "Huo ndio ubeti wa mwisho! Mwana hakuja, alituma wimbo! Uandike huo, nami nauchukua wimbo."

"Ndiyo," Mutai akasema, tena akitabasamu. "Hata mimi nilikuwa naufikiria huo huo."

Hasira ilikuwa imemwisha Mumbi, kilichobaki ni kinyaa.

Wakarudi garini. Mumbi akashika usukani, mama mkwe akakaa mbele kando yake, na Mutai akajirusha nyuma na gitaa lake. Hawajatoka hata kwenye maegesho, akainama mbele katikati ya viti.

"Mama, hebu rudia yale maneno ya mazishi. Vile vile ulivyoyasema, yasije yakanipotea."

Mama hakugeuka. "Mama yako si umeshamzika?" alisema. "Mimi ni jirani tu."

Mumbi akawasha gari. Kisha akamsikia mumewe huko nyuma akiyajaribu maneno hayo hayo ya mama yake, mimi ni jirani tu, kwa sauti ya chini, aone kama yanaimbika.