Famille ya Bwana Godefroid

…huyu askari aseme tena basi, nasikia, masikio yangu haiyakufa, "Mama, leta ile makaratasi yenye unaikalia, tuwashe jiko ya mbabula," na bunduki yake ameiegemeza ku mulango wa jikoni kama mufagio, mu mukono kuku ya Maman Sephora wa jirani, shingo imeshavunjwa, ile kuku naijua, tangu juzi basoda benzake banapora muji, ku madukani bameondoa ata milango, na miye niko naikaa juu ya kifurushi cha majani, majani! miye Edith wa kufua nguo, nife juu ya majani… nyanyuka, mupe, ni nyasi kavu, itawaka muzuri… mais Bwana Godefroid, profesa mwenye nafulia nguo, mbele ya kukimbilia ndege ku Luano alinishika bega, "Maman Edith, unilindie famille yangu, iko mu chumba ya nyuma," na miye, huu ulimi wangu, nikaenda kuambia avenue yote kama profesa iko na bibi wa kufichwa, nikapika bukari, ugali ya mahindi, ya bantu wane, nikabisha hodi, kumbe famille yenyewe ni matete, muchele, mahindi, bambu, byote byenye kubandikwa ku karatasi na majina yabyo… siku moja aliniambia, "Maman, bukari yako na bambu ni ndugu, tumbo moja," nikacheka, nikamuuliza, alors bambu iko dada ya nani, ya mahindi ao ya muchele? akashika kichwa, "Njo ile natafuta, maua yake itasema," na ile bambu ya kule pori ya Lukafu inatoa maua mara moja tu, kisha inakufa, aliingojea miaka makumi mbili, na maua njo hii, chini ya matako yangu… "Mama, unalala?" jasho inamushuka, anarudilia bunduki… mutaa wetu wa Golf yote najua siri zabo, nani alizaa na nani, ule mutoto Précieuse alitoka kwa baba gani, kila habari niliifikisha ku mwisho, na hii moja, dada ya nani, iingie mu moto ya kuku ya wizi, nife sijue?… matako njo imekuwa nzito, kama unataka kuni, kamata kile kiti, hapana, hiyo haikutoka mu kinywa… "Mama! Unaikalia nini?" kuku inatona damu ku simenti…

"Famille, mwanangu," nasema, na sinyanyuke.