Dawati la Sauti

Alhamisi, saa moja na robo asubuhi, muuguzi mmoja wa wodi ya homa alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake akimfunga binti yake kamba za viatu. Kamba ya kushoto ilikuwa imechanika ncha na haikutaka kupita tunduni. Akailowesha kwa mate, akaipitisha, kisha akafungua kinywa kumkumbusha mtoto asisahau daftari la hesabu. Iliyotoka ilikuwa sauti ya mwanamume wa makamo, nzito, yenye mkwaruzo wa sigara.

"Ufunguo wa kabati uko ndani ya kopo la rangi. Lile la kijani, siyo lile jeupe."

Binti, aliyekuwa na miaka saba, akasema shuleni kwao hakuna kabati. Baba yake, fundi wa majokofu, akashusha kikombe cha chai.

"Huyo ni nani?"

"Dereva wa lori," muuguzi akajibu, safari hii kwa sauti yake mwenyewe. "Kitanda cha tisa. Alifariki juzi."

"Ana watu?"

"Ana mke."

"Basi mpelekee maneno yake, mke wangu. Mali ya watu isikae humu ndani."

Kazini walimwita Taratibu. Hakuwa mzembe; alikuwa mtu wa kusema polepole, neno moja likitangulia na jingine likisubiri zamu. Wagonjwa walimpenda kwa hilo. Homa ilipoingia, ndugu walikatazwa kukanyaga wodini, na waliokuwa wakiaga dunia wakawa wanaagana na watu wao kupitia muuguzi aliyekuwa zamu, naye yuko nyuma ya barakoa mbili, miwani na ngao ya plastiki, hata nyusi zake hawazioni. Taratibu aliwainamia akasikiliza. Kila mmoja wao alimjibu, "Nitawafikishia," akimaanisha ndugu zake. Angesema nini kingine? Huwezi kumweleza mtu anayekata roho kwamba wodi ina vitanda thelathini na viwili na wauguzi wawili, na kwamba ukitoka hapo miguu yako yenyewe haijui itakufikishaje nyumbani. Maneno yale hakuyafikisha. Yakabaki naye.

Jioni ileile alikwenda kwa mjane wa dereva, aliyekuwa akiishi nyuma ya kiwanda cha matofali. Alimkuta anakunja mashati ya marehemu. Taratibu akaketi, akafungua kinywa, na dereva akasema habari ya kopo. Mjane hakushtuka. Aliendelea kukunja mkono wa shati mpaka ukakaa sawa.

"Rudia hapo pa kopo."

Sauti ikarudia. Mjane akachungulia uvunguni, akavuta kopo la kijani, akatoa ufunguo, akafungua kabati la marehemu. Ndani mlikuwa na boksi, na ndani ya boksi viatu vipya vya kike, vyekundu, vya kisigino kifupi. Akavivaa na kutembea hatua tatu.

"Mwambie vinabana," alisema.

"Siwezi, dada. Sauti zinakuja tu. Hazirudi."

Mjane akaitikia kwa kichwa, akaketi navyo miguuni vivyo hivyo.

Habari haina miguu lakini hutembea. Juma lililofuata watu walikuwa wamepanga foleni nje ya geti la Taratibu. Aliyempoteza mama alimsikia mama akiuliza kama mbuzi wamefungwa. Aliyempoteza kaka alisikia kaka akitukana, kwa kuwa hayo ndiyo maneno aliyoyaacha, na akaondoka ameridhika. Mzee mmoja alingoja siku mbili, na mkewe alipozungumza alisema "maji" tu, mara nne. Mzee akauliza kama alipewa. Taratibu hakukumbuka. Alisema alipewa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sauti zile hazikushika jembe wala hazikuondoka. Hata zikishafikishwa zilibaki, na kila zamu iliongeza nyingine. Sauti ya mwenye nyumba, Taratibu mwenyewe, ikawa inasogezwa pembeni. Mwanzoni aliipata asubuhi nzima, halafu mpaka chai iishe, halafu kwa salamu tu. Jumatatu moja aliitafuta akaikosa. Kuanzia hapo akawa anaandika kwenye karatasi.

Sauti aliyoizoea binti ni ya mwalimu wa kitanda cha kumi na nne. Hakuna ndugu aliyewahi kuja kumsikiliza. Homa ilipompanda kichwani alikuwa akifundisha hesabu hadi mwisho, kwa hiyo alichoacha ni jedwali la kuzidisha, lililokatikia kwenye nane mara saba. Binti aliketi mbele ya mama yake kila alasiri akaitikia. Mtihani ulipofika alishika nafasi ya pili darasani. Siku alipoleta karatasi ya matokeo alimwuliza baba yake swali.

"Baba, mama alikuwa anaongeaje?"

Fundi akaweka bisibisi chini. Akajaribu. Alisema, "Njoo, mwanangu, unawe mikono," polepole, kwa sauti nyembamba. Haikufanana. Akajaribu tena. Taratibu alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi, akiwasikiliza wote wawili wakimtafuta.

Hospitali ilipopata habari, katibu wa hospitali alimwandikia barua ya onyo kwa kosa la kutoa siri za wagonjwa. Juma moja baadaye akagundua kwamba ndugu waliokwisha kusikilizwa hawaji tena mapokezi kupiga kelele na kuuliza mtu wao alikufaje na nani alikuwepo. Akaandika barua ya pili kufuta ile ya kwanza. Kufa kufaana. Ikawekwa meza karibu na mlango wa mochwari, viti viwili, boksi la karatasi za kujifutia machozi, na kitambaa kirefu kilichoandikwa: DAWATI LA SAUTI. KARIBUNI, TUNAWAJALI. Taratibu alitakiwa kukaa pale saa mbili kila alasiri, baada ya zamu yake ya wodini. Juu ya zamu, siyo badala yake.

Aliandika maombi mawili: likizo ya juma moja, na daktari wa kumwangalia koo. Daktari alimmulika kwa tochi, akamwambia koo ni safi, halina hata wekundu. Kuhusu likizo, katibu alijibu kwamba maombi ya namna hiyo yalikuwa mengi, na kwamba uongozi, kwa kutambua uchovu wa watumishi, umemwalika mshauri nasaha.

Mshauri alikuja Ijumaa. Watumishi mia moja na arobaini walikusanywa kwenye ukumbi wa chakula kwa dakika arobaini. Kila mmoja alipewa chupa ya maji yenye maandishi NYINYI NI MASHUJAA. Mshauri, mama mpole mwenye shali, aliwaambia wafumbe macho na kuvuta pumzi ndefu.

"Tunaivutia wapi, mama?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma. "Humu ndani ya barakoa?"

Wachache walicheka. Mshauri akaliandika swali kwenye daftari lake, akasema ni swali zuri.

Aliyeuliza alikuwa Msumari, mwenzake Taratibu wa zamu, kijana mwembamba mwenye kichwa kikubwa, ndiyo maana wakamwita hivyo. Alikuwa na mazoea ya kuwaimbia wagonjwa akiwabadilishia dripu, na aliimba vibaya kiasi kwamba hata waliokuwa mahututi walifumbua macho kumwangalia. Lakini tangu siku ya mitungi hakuimba tena. Siku hiyo lori la oksijeni halikuja. Wodini kulikuwa na mitungi minne na watu tisa wa kuihitaji. Daktari alikuwa wodi nyingine. Taratibu alikuwa kwenye wodi ya akina mama kuziba pengo. Msumari aliigawa peke yake.

Siku nne baada ya mshauri kuondoka, Taratibu na Msumari walikuwa kwenye chumba cha chai, wakipumzika dakika kumi. Metroni, bosi wa wauguzi wote, alikuwa hapo akirekebisha ratiba ya zamu ukutani. Msumari alikuwa anakoroga sukari. Taratibu akafungua kinywa kupoza chai, na sauti iliyotoka ni ya Msumari.

"Mimi niliondoka siku ya mitungi," ilisema. "Yule dada wa kitanda cha tatu aliniangalia nikiupitisha mtungi mbele yake. Sikumwambia kitu. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshakwisha. Mwambieni mama asinipakulie. Hakuna anayekula."

Msumari alisikiliza mpaka mwisho huku kijiko kimetulia kwenye kikombe.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

Metroni aliteremka kwenye kiti alichokuwa amepanda. Alikuwa mwanamke wa haki, na jambo hilo lilimsumbua, kwa sababu taratibu za kazi haziruhusu marehemu kupangiwa zamu. Akampima Msumari mapigo ya moyo: sabini na mawili. Akampima shinikizo la damu, likawa zuri kuliko lake. Akapiga simu kwa katibu. Katibu akauliza kama kijana anatembea.

"Anatembea."

"Anajua dawa za kila kitanda?"

Metroni akamwuliza Msumari, naye akazitaja zote.

"Basi, mama, mtu anayetembea na kujua dawa hajafa. Na hata akiwa amefariki, sina wa kumweka pale."

Metroni akakata simu, akapanda tena kwenye kiti. Jina la Msumari halikutoka ukutani.

"Nisamehe, mwanangu," alisema bila kugeuka.

"Hamna neno, mama."

Jumamosi Msumari alimwomba Taratibu waende wote nyumbani kwao, kwa kuwa ujumbe ni wa mama yake na yeye mwenyewe ulimshinda kuutoa. Walikwenda mchana. Mama yake alikuwa mshona mashuka, mwanamke mfupi mwenye sindano zimechomekwa kifuani. Aliwakaribisha, akaandaa sahani tatu. Taratibu akafungua kinywa. Sauti ya Msumari ikasema yake yote huku Msumari ameketi pembeni ya mama yake, mikono katikati ya magoti.

Mama akachomoa sindano moja kifuani, akaichomeka palepale.

"Nilijua," akasema. "Sahani inarudi jikoni kama ilivyotoka. Nikadhani ni mapenzi, nikasema kuna binti wa watu kamkataa." Akamgusa mwanawe shavu, kama anavyogusa kitambaa kujua uzito wake. "Unaumwa wapi?"

"Siumwi, mama."

"Nani kakufanyia hivi?"

"Hakuna mtu. Kila niliyempigia simu siku ile alikuwa na kazi."

Mama akamgeukia Taratibu. "Na wewe, binti yangu, wako ni nani wa kukusemea?"

Taratibu akaomba karatasi. Akashika kalamu muda mrefu, na mwisho akaandika kwamba chakula kinapoa. Mama akasoma, akaikunja karatasi ile mara mbili, akaitia kifuani penye sindano. Kisha akasogeza sahani ya mwanawe karibu, akampakulia vilevile, kijiko baada ya kijiko, mpaka ikajaa. Msumari akaitazama. Walikaa hivyo hadi saa tisa, Taratibu akaaga, na sahani ikarudi jikoni.

Homa ilipungua miezi miwili baadaye. Wauguzi wa muda waliondolewa, maana hali imetengemaa, na wodi ikabaki na vitanda vilevile. Dawati la Sauti lilisifiwa kwenye taarifa ya mwaka. Hospitali nyingine mbili ziliandika kuomba mwongozo wa namna ya kuanzisha lao.

Ndipo akaja mkaguzi kutoka makao makuu, aliyetumwa kupima afya ya akili ya watumishi waliohudumia homa. Alikuwa mtu mstaarabu, suti ya kijivu, fomu kwenye ubao mkononi. Alikuwa na wodi kumi na moja za kupita kabla ya chakula cha mchana. Metroni aliwapanga mstari mbele ya meza ya dawa. Taratibu alisimama wa kwanza, Msumari wa pili, kisha wahudumu wawili wa usafi.

Taratibu alikuwa amejiandaa. Mfukoni alikuwa na karatasi mbili alizoziandika jana yake, mbele na nyuma, kwa mwandiko mdogo. Alitia mkono mfukoni mkaguzi alipokuwa akitafuta kalamu.

"Hamjambo?" mkaguzi akauliza.

Salamu ni salamu. Mtu akiulizwa huitika kwanza, yaliyobaki baadaye. Ndivyo walivyolelewa wote, walio hai na wasio hai. Kinywa cha Taratibu kikafunguka, na sauti ya Msumari ikajibu kwa adabu:

"Hatujambo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Mkaguzi akatia alama ya vema kwenye fomu. Akamgeukia Msumari. "Na wewe, kijana?"

"Nimeshajibu," Msumari akasema.

Mkaguzi akatia alama ya pili, na kwa wahudumu wa usafi akatia mbili kwa pamoja. Taratibu alikuwa ameshatoa karatasi zake, amezinyoosha mbele. Mkaguzi akazipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akaziweka chini ya fomu zake bila kuzikunja, akauliza wodi ya watoto iko upande gani. Metroni akamwelekeza. Kitanda cha pili kilikuwa kinaita, Msumari akaenda.