Kompyuta Yangu Inaposwa

Niliota usiku wa jana kwamba kompyuta yangu inaposwa, na mimi ndiye mzazi wake. Sikuona ajabu yoyote. Kilichoniudhi ni kwamba waposaji walikuja watatu kwa mpigo, na mimi nilikuwa nimepika vitumbua vya kumtosha mmoja.

Ngoja kwanza niseme kilichonifikisha huko, maana mtu haoti posa ya kompyuta hivi hivi tu. Mwanangu Zulfa anaolewa Ijumaa hii, Dodoma. Hakutaka vyombo, hakutaka kitanda. Alinipigia simu akasema, "Mama, mimi nataka kitu kimoja. Ile sauti ya bibi, ile aliyorekodiwa jikoni akinitania. Nataka ipigwe ukumbini wakati naingia." Bibi yake ni mama yangu mzazi, na tulimzika mwaka juzi. Sauti yake iliyobaki duniani ni hiyo moja, nayo imo ndani ya kompyuta yangu, katikati ya mafaili ambayo sijawahi kuyapanga tangu nianze kufundisha.

Nikamwambia Zulfa asiwe na wasiwasi. Halafu, badala ya kuitafuta, nikashika kulinganisha programu za kupangia mafaili ili nijue ipi itanisaidia kuitafuta. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nikishaanza kuchora jedwali siachi. Wiki zimekatika, jedwali limenona, sauti hakuna.

Basi, katika ndoto, sebule ni yangu hii hii ya Tanga, ila ukuta mmoja haupo, na pale ulipokuwa pana Ziwa Tanganyika. Hakuna anayelizungumzia. Kompyuta imekaa kwenye mkeka, imefunikwa kanga, inaona haya, na feni yake inavuma polepole. Shangazi Saumu, dada yake marehemu baba, amekalia kiti kikubwa kwa sababu yeye ndiye msemaji wa familia. Upande wa wageni mshenga ni kipanya. Kabla ya kusema lolote anabofya mara mbili, nasi tunasubiri.

"Tumeona ua zuri bustanini mwenu," anasema kipanya. "Vijana wangu hawa kila mmoja anataka kulichuma."

"Karibuni," anasema Shangazi. "Hapa hatutaki mahari. Humo ndani ya binti mna sauti ya marehemu wifi yangu. Atakayeitoa, huyo ndiye mume."

"Na wasipoitoa?"

"Basi mjukuu wangu ataingia ukumbini kwa muziki wa kukodi, kama hana kwao."

Nikagawa vitumbua kwa kuvipasua nusu nusu.

Wa kwanza, programu ya safu ya juu kabisa katika jedwali langu, anaitwa Bwana Makabati. Amevaa koti, ndani ya koti lile kuna koti jingine, na ndani ya hilo jingine tena. Anasimama wima. "Kwangu mimi," anasema, "kila kitu kina mahali pamoja tu, basi."

"Pilau utaiweka wapi?" anauliza Shangazi.

"Kwenye Chakula."

"Pilau ya hitima?"

Anafikiri. "Kwenye Misiba, ndani yake Chakula, ndani yake Wali."

"Na ile iliyobaki, tukaila asubuhi na chai?"

Bwana Makabati anatoa leso anajifuta jasho. Kisha anamtazama Shangazi kwa adabu kubwa. "Samahani, mama, wewe hapa ni nani?"

"Mimi shangazi wa huyu, wifi wa marehemu, na msemaji wa kikao."

"Huwezi kuwa vyote. Chagua kimoja."

"Sichagui hata kidogo."

Basi akamnyanyua, taratibu kabisa, akamtia kwenye droo ya kabati iliyoandikwa Mengineyo, akaisukuma. Kikao kikaendelea. Shangazi tunamsikia anazungumza humo humo. "Mwanaidi!" ananiita. "Yule fundi bomba uliyemtafuta mwaka mzima nimemkuta humu. Anakusalimia."

"Sauti ya mama iko wapi?" namuuliza Bwana Makabati.

"Ipo mahali pake."

"Wapi?"

"Ulipoiweka."

"Bwana we, kama ningejua nilipoiweka ningekupikia vitumbua?"

Akarudi kukaa, makoti yake yote yakakaa pamoja naye.

Wa pili ni Bwana Nyuzi. Huyu hana makoti, hana hata viatu. Amekuja na kibuyu cha nyuzi na uso wa furaha. "Mimi sifungii mtu kabatini," anasema. "Kwangu kila kitu kinafungwa na mwenzake, basi hakipotei." Anaanza kufunga. Sukari anaifunga na chai, chai anaifunga na marehemu baba, baba anamfunga na baiskeli yake, baiskeli anaifunga na mvua za masika. Mkia wa kipanya anaufunga na birika.

Nagusa uzi wa sukari. Mara nipo darasani, kidato cha pili, na gauni langu la kulalia.

"Mwalimu, umetokea wapi?" anauliza mwanafunzi wa mbele.

"Nimefuata uzi wa sukari."

"Sawa, mwalimu," anasema, anaandika.

Nagusa uzi mwingine ili nirudi nyumbani. Nipo wodini. Kitanda cha mama kimetandikwa vizuri, shuka limenyooshwa, na hakuna mtu. Pembeni pana chupa yake ya uji, bado ina joto. Uzi unaendelea mbele, unapita chini ya mlango wa mwisho wa korido. Huo sikuufuata. Niliogopa, na sioni haya kusema kwamba niliogopa. Nikashika uzi wowote uliokuwa karibu, nikajikuta sebuleni nimekaa juu ya birika.

"Umeipata sauti?" namuuliza Bwana Nyuzi.

"Bado. Lakini hebu tazama zinavyopendeza!"

Nikatazama. Zilipendeza kweli. Kutoka pale nilipokaa mpaka mlangoni hapakuwa na pa kupita.

Wa tatu alikuwa amebaki nje, wala hakupiga hodi. Aliingia kwa upande wa ziwa, mweupe, mnene, anaelea. Ni Bwana Mawingu. "Mimi sihitaji nyumba," anasema. "Nipeni vyote nikae navyo juu. Popote mtakapokuwa mtavipata."

"Hata hapa?"

"Hata hapa."

"Hata sasa?"

"Hata sasa. Ila sasa hivi mtandao unasumbua."

Akaanza kunyesha. Yalidondoka mitihani ya miaka yote, picha za kipaimara cha mtoto wa jirani, ramani za mvua, risala ya kumuaga mkuu wa shule. Nguo zangu nilizoanika zikalowa. "Sauti ya mama?" nikamuuliza, nimejifunika sinia kichwani.

"Inakuja," anasema. Juu ya kichwa chake pametokea duara dogo linalozunguka. Sote tunalitazama. Kipanya anachukua kitumbua chake, anakimaliza, anaomba maji, anakunywa. Duara linazunguka.

Hapo hasira zikanipanda. Nikasimama, nikatupa sinia. "Nyie!" nikasema. "Nimewasoma mpaka macho yananiuma. Nimewachorea jedwali la rangi. Mmoja amemfungia shangazi yangu, mmoja amenifungia mlango, na huyu amenilowanishia nguo! Ijumaa mwanangu anaolewa. Mnajua maana ya kuolewa bila bibi? Mnajua nyie?"

Ule mkeka ukatikisika kidogo, na kompyuta ikainua pindo la kanga.

"Mama," ikasema, "mbona mimi hujaniuliza?"

"Mwari hasemi!" Shangazi akapiga kelele kutoka kwenye Mengineyo.

"Mwache aseme," nikasema. Nikapiga magoti mbele yake. "Nikuulize nini, mwanangu?"

"Unachokitafuta. Mimi nina kisanduku cha kutafutia tangu siku uliyoninunua. Hujakigusa."

"Nakiogopa."

"Kinauma?"

"Naogopa kitaipata." Nilipolisema hilo nikajua ndilo. Jedwali halikuwa la kutafutia sauti. Lilikuwa la kukaa mbali nayo, maana nikiisikia nitajua tena kwamba mwenyewe hayupo.

Feni ikavuma. "Ijumaa haitakusubiri, mama," ikasema kompyuta. "Andika."

Nikaandika: mama. Mlango ukafunguka wakaanza kuingia. Aliingia mama mkwe. Aliingia mama lishe wa shuleni na sufuria la maharage. Akaingia mama mwenye nyumba, akaingia mama mjamzito wa kwenye kitabu cha baiolojia, amekatwa ubavuni ili viungo vyake vya ndani vionekane. Wote wakasalimia vizuri, wote wakaomba chai.

"Ni wengi," inasema kompyuta. "Taja jina lake."

Kwetu jina la mzazi halitajwi hovyo. Mtoto unaweza kuota mvi na hujawahi kulitoa mdomoni. Niliwaangalia waposaji, wakageukia ziwa kwa heshima. Nikainama, nikaliandika jina la mama yangu kwa kidole kimoja, polepole, kama nafanya jambo la aibu.

Vikaja vitu viwili. Kadi ya hospitali na cheti cha kifo. Jina lilikuwa limeandikwa sawasawa, herufi zote, na hakuna kilichotoa sauti. Nikalia. Nililia mbele ya wageni wa posa, kwikwi na kamasi, na mama mkwe akanishika bega.

"Jaribu Mama Mwanaidi," anasema Shangazi kabatini. "Majirani ndivyo walivyomwita." Nikajaribu. Ikaja kadi ya mwaliko ya shughuli iliyokwisha zamani.

"Hayo ni majina mliyomwita nyie," inasema kompyuta. "Mimi nakuuliza, aliyeiweka hiyo sauti alimwitaje?"

"Niliiweka mimi. Simu ilikuwa yangu."

"Hukuiweka wewe. Wewe ulikuwa unakuna nazi."

Mara hakuna sebule. Hakuna ziwa, hakuna wageni. Ni jiko la mama, la zamani, na moshi wake. Nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, mgongo nimewapa, na nimekasirika kwa jambo ambalo hata silikumbuki. Nyuma yangu Zulfa ana miaka kama kumi, ameshika simu yangu. Namsikia anasema, "Sema kitu, mke mwenzangu."

Ndivyo walivyoitana, asubuhi mpaka jioni. Bibi na mjukuu wake wa kike wameolewa na mume mmoja, naye ni babu, basi ni wake wenza na wanagombana kutwa nzima. Zulfa hakuwahi kumwita bibi yake kwa jina lingine lolote.

Namsikia mama anacheka. Nataka kugeuka nimwone. Shingo haigeuki. Najitahidi kwa nguvu zangu zote, mikono bado inakuna, machozi yananitoka, na mama anacheka nyuma yangu, karibu kabisa, ningeweza kumgusa.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nikaenda sebuleni. Kompyuta niliizima mwenyewe kabla ya kulala, na ndani ya nyumba hii siishi na mtu. Ilikuwa inawaka. Kisanduku cha kutafutia kilikuwa wazi, na ndani yake palikuwa pameandikwa: mke mwenzangu. Chini yake, faili moja.

Sikulifungua. Nililituma kwa Zulfa kwanza, kwa sababu najijua. Nikasubiri mpaka nikaona limefika. Halafu nikavuta kiti, nikabonyeza.

"Sema kitu, mke mwenzangu," anasema Zulfa mdogo.

"Niseme nini?" Ni mama. Ni mama yangu, na sauti yake ile ya kukwaruza kidogo. "Siku ukiolewa wewe mimi nitakuwa mbele kabisa, napiga vigelegele mpaka ukumbi upasuke. Halafu huyo mume tunagawana. Wewe utapika, mimi nitakula naye." Zulfa anapiga kelele kwamba hataki. Mama anacheka mpaka anakohoa. Kwa mbali nazi inakunwa, kwaru, kwaru, kwaru.

"Mwanaidi!" anaita mama. "We Mwanaidi! Hebu njoo umwone mwanao huyu anavyonitesa."

Mwanaidi wa kwenye rekodi hakuitika. Aliendelea kukuna nazi mpaka rekodi ikaisha.

Mimi nikaitika, "Abee, mama," nikakuta nimeshasimama.