Mama wa Siku Moja

Nilimkuta mama mkwe wangu amekaa sakafuni, kanyoosha miguu, analia kwa sababu kanyimwa biskuti. Sitanii. Mtu mzima, mkunga mstaafu, ambaye tangu nimwoe binti yake nikimkuta kakaa nje napunguza mwendo na kuinamisha macho, leo yuko kwenye zulia na nywele kafungwa mafungu mawili kwa utepe mwekundu. Nikaganda pale mlangoni. Nikasema moyoni, jamani, mama kaugua.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Milango, madirisha, mageti, ndiyo kazi yangu. Siku hiyo nilifunga karakana mapema kwa sababu binti wa mke wangu alikuwa anatimiza miaka minane, na nje nilikuwa nimeacha mkokoteni wenye bembea niliyomtengenezea kwa mabomba, nimeipaka rangi ya njano. Niliipiga msasa mpaka vidole vikafa ganzi, nisije nikamchubua mtoto wa watu. Maana ukweli niuseme: yule mtoto alikuwa hanitaki. Mtaa mzima unamwita Chiriku kwa maneno mengi, akianza kuongea hata redio unaizima. Lakini nikiingia mimi, kimya. Atatoa shikamoo kwa kusukumwa na mama yake, kisha huyo, anakwenda zake. Hajaniita baba, hajaniita mjomba, hata "wewe" alikuwa hajanipa. Nikaweka matumaini yangu yote kwenye ile bembea.

Sasa naingia na matumaini yangu, nakutana na hayo.

Mke wangu ni msusi, mtu na heshima zake, wateja wanampangia foleni. Naye alikuwa chini, ubavuni mwa mama yake, anamvuta utepe.

"Huyu ananichokoza!" akapiga kelele mama mkwe.

Nikadhani anashtaki kwangu. Kumbe anamshtakia Chiriku, aliyesimama mbele ya meza, kavaa gauni la mama yake linaburuzika sakafuni, mwiko mkononi.

"Nyamazeni wote! Asiyenyamaza hali keki."

Wakanyamaza. Mama mkwe wangu kanyamazishwa na mtoto wa miaka minane, akatia kidole mdomoni, akakinyonya. Mimi nikaangalia dari. Kama kuna adabu ya kumwangalia mkwe wako akinyonya kidole, mimi sikufundishwa.

"Kuna nini humu ndani?" nikauliza dari.

Mke wangu akanikonyeza, lakini sikuelewa ananikonyeza nikae, niondoke, au nikamwite daktari. Ndipo Chiriku akanigeukia. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akashika kiuno.

"Na wewe je? Unaingia tu, mbona huniamkii?"

Lahaula! Ndiyo mara ya kwanza mtoto huyu kunisemesha mwenyewe bila kusukumwa, na ananidai shikamoo! Mimi, na mvi zangu! Damu ikanipanda. Hasira zangu ziko karibu, hata karakana wanajua.

"Wewe mtoto, adabu umeiacha wapi? Mimi ndiye wa kukuamkia wewe? Bibi yako unamweka chini unamfokea, una nini leo?" Kisha, macho bado darini, "Mama, tafadhali inukeni. Kaeni kwenye kiti."

Mwiko ukashuka. Chiriku akauweka mezani polepole, akalikusanya gauni asijikwae, akaingia chumbani na kufunga mlango. Hakuubamiza. Angeubamiza ningejua la kufanya.

Mama mkwe akatoa kidole mdomoni. "Umeharibu, baba," akasema kwa sauti yake ya siku zote.

"Nimeharibu nini? Niambieni basi, maana sijui aliyechanganyikiwa humu ndani ni mimi au ni ninyi!"

Mke wangu alikuwa anafuta macho, sikujua anacheka au analia. Akanieleza pale pale chini. Ni mila ya nyumba hii, akasema. Aliianzisha marehemu, baba yake Chiriku. Siku ya kuzaliwa, mtoto ndiye mama wa nyumba mpaka wakati wa kulala, na wakubwa wote ni wanawe. Yeye anaamrisha, anagawa keki, anatoa zawadi. Wao wanalia, wanagombana, wanamwamkia.

"Tangu baba yake aage asubuhi ile kwenda kazini asirudi, hajataka tena mchezo huu," akasema. "Leo katoka shule, katupa begi, kasema tucheze. Sisi wenyewe tumeshtuka. Hata nafasi ya kukupigia simu hatukupata."

"Sasa lile la kumwamkia..."

"Alikuwa anakuhesabu na sisi."

Nikakaa kwenye kile kiti nilichotaka mama akae. Mtoto kanifungulia mlango mwenyewe, bila bembea, bila chochote, na mimi nimemfokea. Sasa nifanye nini? Nikiingia kumwomba radhi kama mkubwa, mchezo wa baba yake nitakuwa nimeuzika kabisa. Nikiingia kama mtoto, mwanamume na ndevu zangu, ataona namchezea shere. Na hata akinikubali, si nitakuwa nimekalia nafasi ya marehemu? Kichwa kilijaa mpaka kikauma. Nikamgeukia mama mkwe anishauri. Akarudisha kidole mdomoni.

Nikavua viatu, sijui kwa nini. Nikapiga magoti mbele ya mlango wa chumba, nikabisha.

"Shikamoo, mama."

Nikasikia gauni linaburuzika. Mlango ukafunguka kidogo, jicho moja likanichungulia. Lilikuwa jekundu.

"Wewe mtoto wa nani?"

Nilikuwa nimeandaa utani fulani, wote ukanipotea. "Sijui," nikasema, na kweli sikujua.

"Umepotea?"

"Nadhani nimepotea."

"Kwenu hawakukufundisha kuamkia watu?"

"Walinifundisha. Nilisahau. Nisamehe."

Akafikiri. Alifikiri kwa muda wake, magoti yananiuma. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kuliko siku niliyokwenda kuposa. Mwishowe akafungua mlango wote.

"Marahaba," akasema. Akaushika mkono wangu wenye makovu ya cheche, akanivuta mpaka kwenye zulia. "Bibi, sogea. Mdogo wako kapatikana."

"Sitaki! Ananuka jasho!" akalia mama mkwe. Lakini akasogea, na mimi nikakaa, bega kwa bega na mkwe wangu, jambo ambalo kwetu sijathubutu kulisimulia. Bembea iko nje kwenye mkokoteni, hakuna aliyeiulizia, wala mimi sikuikumbuka.

Chiriku akatukatia keki. Akampa bibi yake rula, mama yake penseli ya rangi, vitu vyake mwenyewe vya shuleni. Aliponifikia mimi akasimama, mikono mitupu.

"Wewe sijakuandalia. Sikujua utakuja."

"Hata mimi sikujua, mama."

"Basi usilie."

Sikuwa na habari kama nalia. Akachuchumaa mbele yangu, akanifuta uso kwa pindo la gauni, machozi na makombo pamoja. Kisha akashusha sauti, wenzangu wasisikie.

"Kesho ukitoka kazini, urudi moja kwa moja nyumbani. Usipitie popote. Umenisikia?"

Nikamtazama nijue kama bado tunacheza. Sikuweza kujua. Nadhani hata yeye hakujua.

"Nitarudi, mama."

"Sema tena."

Nikasema tena.